Kwa Nafula, Aliyetia Sahihi kwa Sababu ya Pua Yangu

Binti yangu Nafula,

Niko na miaka sabini na moja, hata kama kitambulisho changu kinasema sitini na mbili. Karani wa wakati ule aliniangalia meno akaandika alivyotaka. Tanuri mbili za chokaa zimeanguka mimi nikiwa nimesimama. Mameneja watano wamekuja na wakaenda. Ukame ulimaliza ng'ombe wangu, wakabaki sita tu. Na daktari mmoja aliyesema kifua changu hakitamaliza mwaka, nilienda mazishi yake nikala wali, nikaongezwa. Vyote hivyo vimepita, mimi niko. Kitu kimoja tu hakijapita, nacho ni ile siku uliulizwa swali ambalo lilikuwa langu, ukalijibu wewe, mimi nikaangalia kofia yangu.

Naandika na mkono wangu mwenyewe. Barua hii imenichukua siku kumi na moja na hakuna mtu amenishikia kalamu. Ukiona herufi zimelala, uzisimamishe, kwa sababu ni wewe ulizifundisha kusimama. Na nakuambia mapema: naogopa. Mimi, mtu ambaye hata moto wa tanuri ulikuwa unanijua kwa jina, naogopa karatasi.

Unakumbuka siku uliyofika? Ulitoka Kitengela na pikapu ya kampuni, umekaa nyuma katikati ya maboksi, umeyashika huku na huku kama mtu anapeleka wagonjwa hospitali. Meneja akatukusanya hapo mbele ya tanuri. Akasema huyu ni madamu wa mafunzo, masomo ya usalama siku hizi yanatoka kwa intaneti, kila mtu afanye masomo sita kwa kompyuta halafu mtihani wa maswali ishirini. Watu wakaangalia viatu vyao. Mimi nikakusalimia, "Takwenya," vile mzee wa Kimaasai anasalimia binti. Ukasema, "Mzuri sana, mzee." Vijana wakacheka mpaka chokaa ikaruka kwa nguo zao.

Kesho yake nikakuambia tena, "Takwenya," na wewe ukajibu, "Iko," vile binti zetu wanajibu, ukainamisha kichwa nikiguse, vile mtoto anampa mzee heshima. Wewe, mtu wa kutoka magharibi huko kwenye mvua, ambaye hakuna aliyekulazimisha. Nilikuja kujua baadaye ulimuuliza Saruni, kijana wetu wa tanuri, pembeni ukafanya mazoezi. Nilikuwekea mkono kichwani. Siku hiyo nikakuhesabu kuwa wangu, na sikukuambia. Kukuambia kitu kizuri ilikuwa ngumu kwangu kuliko kubeba mawe.

Ulikuwa hujui vile sisi tulijifunza kazi. Nilianza pale miaka ya tisini ikianza, nimetoka Mashuuru na shuka moja. Mafunzo yetu ilikuwa kofi ya shingo. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa anakuambia kitu mara moja, na mara ya pili anakuambia kwa mkono. Yeye ndiye alinionyesha ile kazi ya pua. Wewe unaijua, lakini wako watu watasoma barua hii ambao hawajawahi kuona tanuri, kwa hivyo wacha niwaeleze. Chini ya tanuri kuna chumba cha kutolea chokaa, mlango wake wa chuma ni mdogo kama wa nyumba ya kuku. Mawe yakikwama humo, mtu anafungwa kamba kiunoni anaingia na mtaimbo kuyafungua. Kabla hajaingia, mimi naingiza kichwa, navuta hewa, naitafuna kidogo, halafu nasema "Safi" ama nasema "Bado." Nikisema safi, mtu anaingia. Nikisema bado, hata meneja anangoja. Waliniita Mzee Pua na nililipenda hilo jina kuliko lile nililopewa na baba. Nilikuwa nikijigamba kwamba mvua ikinyesha Namanga mimi naisikia harufu nikiwa Isinya. Na hiyo ni kweli, bado naisikia.

Basi ukapanga kompyuta zako nane kwa stoo ya zamani ya magunia. Ukafunga sahani ya intaneti kwa paa, na upepo ukivuma kutoka tambarare masomo yanaganda, uso wa yule mzungu anayefundisha unabaki mdomo wazi. Kwa heshima ukasema, "Mzee aanze." Ulifikiri unanipa kiti cha mbele. Hukujua umenikalisha juu ya makaa.

Jasho lilinitoka mgongoni kama niko mbele ya mlango wa moto. Maandishi yalikuja yakaenda, yakaja mengine. Hakuna mtu kwa kiwanda kizima alijua kwamba sijui kusoma. Miaka yote hiyo nilikuwa nashika karatasi, nakunja uso, nasema, "Nimeona," nairudisha. Sasa iko kitu kimenikazia macho na hakiwezi kudanganywa na uso uliokunjwa. Nikabonyeza mahali palipokuwa na picha. Nikabonyeza mahali palipong'aa. Mwisho mashine ikaimba wimbo mfupi, na meneja akachapisha majibu akayabandika kwa ubao wa getini. Mzee Pua: mbili kwa ishirini.

Sikulala vizuri. Lakini siku zilizofuata watu wangu waliingia mmoja mmoja, na majibu yao yakabandikwa chini ya yangu. Saruni, aliyesoma mpaka kidato cha nne, akapata moja. Kamau fundi wa kuchomelea, ambaye anasoma gazeti kutoka mbele mpaka matangazo ya vifo, akapata sufuri. Thelathini na moja waliingia na hakuna hata mmoja aliyenifikia. Unajua nilifanya nini? Nilizunguka kiwanda nimetoa kifua.

"Mnaona?" nikawaambia. "Mlienda shule mkala mayai ya mama zenu bure. Mbili! Nani mwingine yuko na mbili?"

"Hiyo mashine inajua wazee," Saruni akasema, anaangalia chini.

Mimi nikaamini. Mtu mzima mwenye akili timamu, nikaamini.

Wewe ukahangaika. Nilikuwa nakuona na nilikuwa nacheka, nisamehe. Ulileta chai na mandazi kwa stoo; wakala mandazi wakabonyeza haraka wakatoka. Ulileta tisheti za kijani. Wakazivaa siku ya mpira, zikapendeza. Ulisema atakayefaulu atapigwa picha iwekwe kwa ukuta wa ofisi. Kamau akasema yeye picha yake iko kwa kitambulisho na hata hiyo ni mbaya. Ukafikiri labda ni Kiingereza kinawashinda. Ukakaa siku nyingi, kazi ikiisha, unasoma masomo yote sita kwa Kiswahili kwa sauti yako na kuyaweka ndani ya kila kompyuta, mtu avae vile vya masikioni asikize. Mimi nilipita dirishani nikakusikia unasema peke yako, unajirudia, unakohoa kwa sababu ya vumbi. Nikasema moyoni, huyu msichana anaongea na ukuta.

Halafu ukaacha kutushawishi ukaanza kutuuliza. Hapo ndipo ulipotupata. Ilikuwa kwa kibanda cha Mama Wanja nje ya geti, saa ya chai, na mimi nilikuwa benchi la nyuma nimewapa mgongo. Ukamwambia Kamau, "Wewe unasoma gazeti lote. Sufuri imetoka wapi?"

"Madamu, hata kukosa ni kazi. Lazima ulijue jibu ndiyo ulikwepe."

"Unakwepa kwa nini?"

Kamau akapunguza sauti, lakini masikio yangu ni kama pua yangu. "Mzee ana mbili pale getini. Nani atabandikwa hapo na kumi na nane? Nikimpita mzee, siku niko ndani ya kile chumba, nani atanishikia kamba?"

Halafu ukamuuliza, "Na swali la hewa ya sumu? Jibu lake pia ulilikwepa?"

"Hilo hata sikusoma. Hilo ni la pua ya mzee."

Chai ilinipalia. Ulinikuta nyuma ya kibanda nakohoa. Ukasema, "Papa, watu wako wanajificha chini yako."

"Wajifiche. Chini yangu hawanyeshewi."

"Hawasikizi masomo. Wanaruka mpaka maswali, wanaharibu, wanarudi kazini. Rudia mtihani. Ukipata kumi, watapata kumi."

Nikakupigia kelele. Nilisema niliingia tanuri kabla mama yako hajaolewa. Nilisema siwezi kuketishwa na mtoto mara mbili. Ukangoja nimalize. Halafu ukasema pole pole, ili hata Mama Wanja asisikie, "Papa, najua kwa nini unabonyeza mahali palipo na picha."

Sijawahi kuogopa hivyo. Simba niliwahi kumwona akinywa maji hatua chache kutoka kwangu, na mkojo wangu ulibaki mahali pake. Nilikuwa natafuta kwa uso wako ile furaha ya mtu aliyeshika mwizi, sikuipata. Hukumwambia mtu. Mpaka leo, hii barua ndiyo inawaambia kwamba ulijua.

Wiki hiyo hiyo meneja akakuletea fomu. Ilitakiwa ionyeshe kwamba watu wote wa tanuri wamefundishwa, iwe na sahihi yako, ama tupelekwe nyumbani waletwe wengine waliofundishwa kutoka mahali pengine. Ukakataa. Ukasema, "Siwezi kuandika wamefundishwa na hawajafundishwa." Mimi ndiye nilikufuata. Wacha niandike vizuri hapa ili kila mtu asome: mimi ndiye nilikufuata, kwa benchi la Mama Wanja, nikakuomba. Nikasema, "Weka sahihi, binti. Nipe mwezi mmoja. Unifundishe kusoma, nirudie huo mtihani, na hawa wote watanifuata. Na kabla ya hapo mimi ndiye cheti chao. Pua hii haijawahi kukosea."

Mama Wanja akaacha kuosha vikombe. "Mzee," akasema, "usimbebeshe msichana wa watu mzigo wa pua yako."

"Wewe osha vikombe."

Ulishika kalamu muda mrefu. Ukaniuliza, "Mwezi mmoja, papa?" Nikasema mwezi mmoja. Ukatia sahihi.

Zile siku zilizofuata, binti, nazikumbuka kuliko harusi yangu. Saa ya kutoka, kabla pikapu haijakupeleka Kitengela, tulikuwa tunaenda nyuma ya stoo kwenye mabati. Chaki hakukuwa, ukachukua kipande cha chokaa. Ulinifundisha kwa majina ya vitu ninavyovijua: mawe, kamba, makaa. Nikikosea ulikuwa hufuti. Ulisema tuache kosa likae tulione. Mabati yalijaa makosa yangu kama kinyesi cha ndege. Na neno la kwanza kabisa nililosoma bila wewe kunisaidia lilikuwa lile lililopakwa rangi nyekundu kwa mlango wa kile chumba. Nilikuwa nimepita mbele yake zaidi ya miaka kumi na tano nikidhani ni jina la aliyetengeneza mlango. Nikasoma herufi moja moja, nikazifunga pamoja. HATARI. Nikarudi mbio kukuambia, nacheka. Ukacheka na mimi. Tulicheka na lile neno, sisi wawili.

Wiki ya pili ilikuwa haijaisha.

Jumatatu asubuhi mawe yalikwama. Moto ulikuwa umepunguzwa tangu Jumamosi. Ilikuwa zamu ya Saruni. Akajifunga kamba, Kamau akaishika, mimi nikaingiza kichwa kwa mlango, nikavuta hewa, nikatafuna. Harufu ya mawe. Harufu ya jivu lililolala. Hakuna kingine.

"Safi," nikasema.

Saruni akaingia anapiga mluzi. Tukasikia mtaimbo ukigonga, mara ya kwanza, ya pili, mara nyingi. Mluzi ukakatika. Mtaimbo ukagonga mara moja, vibaya, kama kitu kimeanguka. Kamau akavuta kamba kidogo kumuuliza, vile tunavyoulizana, na kamba haikujibu.

"Saruni!" nikaita. "Saruni, wacha mchezo!"

Sitaki kueleza ule ukimya. Bado uko ndani yangu. Kijana mwingine alikuwa tayari amevua shati aingie, na mimi nilikuwa mbele yake nimeshika mlango. Hapo ndipo ulitoka stoo unakimbia, ukajitupa mbele ya ule mlango, ukakaa chini ukauziba na mgongo wako.

"Hakuna anayeingia! Anayemfuata ndiye anakufa! Vuteni kamba!"

"Madamu, ni mtu wetu!" Kamau akalia.

"Vuta! Na mfungue mlango wa juu! Washeni feni!"

Nilikusukuma. Andika hilo kwa moyo wako kwamba nimelikubali. Nilikushika bega nikakutupa upande, ukaanguka kwa mawe, goti likapasuka, na ukarudi kukaa pale pale na damu yako. Uliniangalia ukasema, "Papa, hapana." Kama ungenipisha ningekuwa maiti wa pili, na huyo kijana aliyevua shati angekuwa wa tatu. Masomo yale ulikuwa umeyasoma kwa sauti mara nyingi mpaka mwili wako ulijua la kufanya kabla ya sisi kufikiri.

Feni ikanguruma. Ukatoka mlangoni, wanaume wanane wakavuta, akaja kama gunia. Mdomo wake ulikuwa na rangi ambayo siyo ya mtu. Ukamlaza kwenye hewa, ukampulizia, ukampulizia. Mimi nilisimama na mikono yangu miwili ambayo haikuwa na kazi. Alipokohoa, Kamau alikaa chini akalia kama mtoto.

Pikapu ikampeleka hospitali. Wewe ukaingia stoo ukatoka na kile kipimo cha hewa, cha njano, ambacho kampuni ilitupa pamoja na kompyuta na tulikiacha kwa nailoni yake kwa sababu tulikuwa na mimi. Ukakisogeza kwa mlango. Kikalia kama mbuzi anayechinjwa. Na mimi, mbele ya watu wote, nikainama nikanusa tena. Nilivuta mpaka mwisho wa mapafu.

Harufu ya mawe tu.

Hapo ndipo hofu iliingia, Nafula, na haijatoka.

Walikuja wawili kutoka makao makuu wakaweka meza kwa ofisi ya meneja. Ilikuwa siku ya tatu. Tuliitwa mimi na wewe. Yule wa miwani akasukuma fomu mbele yako. "Nani alitia sahihi kwamba huyu kijana amefundishwa?"

"Ni mimi."

"Alikuwa amefundishwa?"

"Hapana."

"Kwa nini basi ulitia sahihi?"

Ukaniangalia mara moja. Haikuwa kwa hasira. Ilikuwa kama mtu anamshikia mwenzake mlango, anangoja kama ataingia. Mimi nilikuwa nimeshika kofia. Nilijua maneno yote. Niliyapanga: ni mimi nilimwomba, ni mimi nilisema safi, ni mimi sijui kusoma. Yale mawili ya kwanza ningeweza kuyasema. Lile la tatu lilikaa mlangoni likazuia mengine kutoka.

"Mzee, uko na la kusema?"

"Sina."

Basi. Ukaondoka wiki hiyo. Hukuja kunipa kichwa, na mimi sikuja kukipokea. Kwenye meza ya stoo uliacha daftari lenye jina langu, na ndani umeandika mazoezi ya wiki ya tatu. Ulijua unaondoka, na bado ukaniandikia mazoezi.

Sasa nikueleze yale hujui, kwa sababu hakuna aliyekuambia.

Saruni alipona nusu. Mkono wa kulia unatetemeka, na siku ile ameipoteza kabisa. Anakumbuka Jumapili halafu anakumbuka kitanda. Nilimtembelea hospitali nikarudi moja kwa moja stoo, nikakaa kwa kompyuta ya kwanza, mlango wazi, kila mtu ananiona. Nikavaa vile vya masikioni. Na wewe ukaanza kuongea ndani ya kichwa changu.

Somo la kwanza. Somo la pili. Somo la tatu ndilo la hewa. Ulisema hivi, nayajua kama jina langu: "Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Hata mtu mwenye pua kali kuliko wote hawezi kuijua, na kusema hivi si kumvunjia heshima."

Niliita Kamau asome yale ya Kiingereza aniambie yanasema nini. Akasoma mara mbili. Akasema, "Mzee, hayo ya pua kali hayako hapa. Madamu ameongeza mwenyewe."

Ulikuwa umenisemea mimi. Wiki nyingi kabla ya Saruni, nikiwa napita dirishani nakucheka, ulikuwa unaniambia mimi, kwa adabu, ndani ya mashine ambayo ulijua naiogopa. Nilihitaji tu kukaa chini nisikize.

Nikakaa pale nikaanza kukumbuka watu. Kila mtu niliyewahi kumwambia "Safi" na akaingia akatoka akiwa hai. Nilidhani nilikuwa nawachunga. Nilikuwa nawarusha tu kama sarafu, na kila mara nilikuwa napata upande mzuri. Wengine wana wajukuu sasa, wananisalimia soko la Kitengela, wananiambia, "Mzee Pua, uko?" na mimi nageuza njia.

Nilifanya mtihani baada ya wiki tatu. Nilisoma maswali mwenyewe, kidole kwa skrini, pole pole mpaka mashine ikaniuliza kama bado niko. Kumi na nne! Nikasema ibandikwe. Na unajua hao wajinga walifanya nini? Siku mbili baadaye wote, wote kabisa, walikuwa na kumi na tatu. Nilisimama getini nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea peke yake. Nikawaita mbele ya tanuri. Nikawaambia sijui kusoma, yaani nilikuwa sijui, na pua yangu ni ya mvua tu, na nilikaribia kumuua Saruni. Nikasema, "Anayeniheshimu anipite. Atakayebaki chini yangu asinisalimie tena." Nikawatemea mate ya baraka, hata Kamau Mkikuyu, akajipangusa lakini akashukuru. Wiki iliyofuata Kamau alipata ishirini, akaja kuniomba msamaha kwa mazoea tu. Hakuna aliyebaki nyuma. Hakuna mtu anaingia kile chumba sasa kabla kile cha njano hakijaingia kwanza. Wageni wakija, wanakalishwa stoo, na ni sauti yako inawafundisha mpaka leo.

Nilidhani hiyo inatosha. Mzee anapenda kudhani imetosha. Lakini juzi Mama Wanja ameniambia ulitafuta kazi kwingine, mara mbili, na huko wakauliza kiwanda chetu wewe ni mtu gani, wakajibiwa kwamba unatia sahihi uongo. Wengine wanasema uko Magadi kwa ndugu yako, wengine wanasema ulirudi kwenu. Kwa hivyo nimeandika barua hii mara mbili. Moja inakutafuta. Nyingine naibandika kesho asubuhi kwa ubao wa getini, pale pale nilipobandikwa na mbili yangu, na ya tatu watakaoisoma pale wataiandika wenyewe wakitaka kuipeleka makao makuu. Meneja mpya ameniomba niiache, ananiambia, "Mzee, umestaafu salama, unatafuta nini?" Naogopa, binti. Naogopa wale niliowaambia safi watakavyoniangalia wakisoma. Naogopa utaipata na usijibu, na hutakuwa umekosea. Naogopa zaidi kufa nikiwa bado nimeshika ile kofia.

Ukipita tena njia ya Kajiado, usiniinamishie kichwa. Zamu hii ni yangu.

Ni mimi, baba yako wa tanuri na mwanafunzi wako wa nyuma ya stoo,
Parmuat, waliyekuwa wakimwita Pua.

Asiyeniamini awaulize watu hawa. Mama Wanja wa kibanda cha chai alinisikia nikikuomba utie sahihi, na alinikanya. Kamau fundi alikuwa ameshika kamba, alinisikia nikisema "Safi," na aliniona nikikusukuma. Saruni hawezi kuwa shahidi wa siku ile, kwa sababu haimo kichwani mwake. Lakini ndiye anayewapokea wageni stoo siku hizi, anabonyeza kwa mkono wa kushoto. Mwulizeni ile hewa inanuka namna gani. Atawajibu kwa maneno yako, neno kwa neno, pamoja na lile la kunihusu mimi.